Hatua 70 kwa 70

Kabla ya kupima shamba, mzee jirani yetu huvua kandambili. Kiatu kinachoburuza, anasema, huiba hatua. Kisha husimama kwenye kigingi cha kona, hukazia macho mti ulio ng'ambo ya shamba, na kuanza kwenda bila kugeuza shingo. Kila zikitimia hatua kumi, kokoto moja hutoka mkono wa kulia ikaingia wa kushoto. Kokoto saba, amefika.

Wakulima wengi Tanzania wanajua kwamba hatua 70 kwa 70 ni ekari moja. Chimbuko lake ni yadi. Ekari ina yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, zimezidi 60 tu. Kwa hiyo hatua inayotakiwa ni ya yadi moja, kama sentimita 91, ndefu kuliko mwendo wa kwenda sokoni. Anayepima mita 70 kwa 70 amepata mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni 4,047. Kibarua akilipwa ekari moja hapo, ameongeza jasho la zaidi ya moja ya tano bure.

Ndiyo maana kila msimu mzee huurudi mguu wake. Hutandaza kamba ya mita 20 na kutembea kandokando yake. Zinatakiwa hatua 22. Zikija 24, hurudia mpaka mwili ukumbuke.

Msimu huu nilimfuata kwenye shamba la mahindi ambalo mmiliki wake alikuwa na hakika ni ekari nzima, kwa kuwa upana ni hatua 70 na ubavu mrefu nao ni 70. Mzee alianza na kona mbili za upana. Kwenye kila moja alipima hatua 3 upande huu, 4 upande ule, akavuta kamba katikati: 5 kamili, kona ni ya mraba. Halafu akaenda ubavu wa pili, ule ambao hakuna aliyekuwa ameuhesabu. Hatua 50.

Hakusema neno. Alirudi kwenye ubavu mrefu, akachomeka kijiti kwenye hatua ya 50, akakatisha kamba shambani. Upande mmoja wa kamba ukabaki mstatili wa 70 kwa 50, yaani 3,500. Upande wa pili, pembetatu ya 70 kwa 20. Hiyo ni 1,400, na nusu yake 700. Jumla hatua za mraba 4,200. Zimepungua 640 kufikia ekari, na malipo ya trekta yakapungua kwa kadiri hiyo.

Uzuri wa kazi yake ni kwamba haamini upande mmoja mpaka ausikie na mwenzake. Wangapi wetu tumekata 35 kwa 35 tukaita nusu ekari? Hiyo ni robo. Nusu ni 70 kwa 35. Ukigawa pande zote mbili, umegawa mara mbili.

Jioni alimkabidhi mjukuu wake zile kokoto. Kijana akaenda akihesabu kwa sauti, akafika kigingini na 73.

"Rudi, mjukuu wangu," mzee akasema kwa upole. "Eka haijaongezeka. Ni hatua yako iliyopungua."

Kijana akavua kandambili.