Gitaa Zito, Spika Nyepesi

Wanamuziki wa dansi wa rika la wazazi wetu hawakusema "besi" tu. Walisema gitaa zito. Kulikuwa na solo, kulikuwa na ridhim, na kulikuwa na zito, lile ambalo asiyejua muziki halisikii mpaka siku likikosekana. Mwaka huu nimelifikiria sana jina hilo, kwa sababu kitu kizito katika maisha yangu si gitaa. Ni amplifaya.

Ninayo moja, au tuseme ninaitunza. Ni ya mwalimu wangu wa besi, mzee aliyepiga kumbi za Dar es Salaam kwa miaka mingi mpaka mgongo ukamkatalia. Ni kasha moja lenye spika ya inchi 15, mbao nene zilizovikwa zulia jeusi, na magurudumu mawili yaliyobaki kati ya manne. Tuliipima kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 34. Sauti yake ni nzuri kupita kiasi. Tatizo ni kwamba kundi letu ni la watu watatu, tunapiga mgahawani, kwenye sendofu za watu themanini, mara mojamoja kwenye baraza la hoteli, na bajaji ya kwenda na kurudi inakula theluthi ya malipo yangu. Bodaboda wananitazama, wanalitazama kasha, wanacheka. "Dada, hilo friji?" Mwezi wa tatu niliacha shoo mbili kwa sababu ya hesabu hiyo. Kwa hiyo kununua amplifaya nyepesi kwangu si anasa, ni suala la kuendelea kupiga au kuacha. Ila limo pia swali la kihakiki, na ndilo lililonifanya niandike: je, besi inayotoka kwenye kasha la kilo kumi ni besi ileile, au ni muhtasari wake?

Wepesi huu ni mambo ya juzi. Ampeg walipotoa SVT mwaka 1969, amplifaya ya wati 300 iliyotengenezwa kwa ajili ya majukwaa makubwa, kichwa chake peke yake kilikuwa na uzito wa kilo kama 40, achilia mbali kabati la spika nane. Uzito ule ulikuwa wa vyuma: transfoma kubwa za umeme, na valvu zinazochemka. Leo kichwa cha wati 500 kinaingia kwenye mkoba wa vitabu. Kilichobadilika ni mambo mawili. Kwanza, saketi za klasi D, ambamo transista haziachwi nusu wazi zikipoteza umeme kwa joto, bali zinawashwa na kuzimwa mara nyingi mno kwa sekunde. (Hiyo D si ya "dijitali", kama wauzaji wanavyopenda kusema. Ni herufi iliyofuata tu baada ya A, B na C.) Pili, usambazaji wa umeme wa kuwasha na kuzima, ule ule uliofanya chaja ya simu iwe ndogo kama kiberiti. Kwenye spika nako, sumaku za neodimiamu, zilizoanza kupatikana miaka ya 1980, zinatoa nguvu ya sumaku ya zamani kwa sehemu ndogo ya uzito wake.

Hayo yote ni ya kweli na ya kushukuru. Lugha ya kuyauza ndiyo inayonikera. Kila boksi dukani limeandikwa wati kwa herufi kubwa kuliko jina la chombo, kana kwamba wati ni sauti. Si sauti. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli tatu tu, tofauti ambayo mlaji wa chipsi meza ya nyuma hataigundua. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili" unahitaji wati kama mara kumi. Na zile wati 500 kwa kawaida ni za spika ya omu 4. Ukichomeka ya omu 8 unabaki na kama nusu. Kijana wa dukani Kariakoo aliponiambia "hii inapasua kuta, dada", nilimuuliza ni omu ngapi. Alisema atamuuliza bosi.

Kinachoamua ni kasha na koni. Kuna kanuni ambayo mafundi wa spika wanaiita kanuni ya chuma, inayonasibishwa na Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH huko Marekani, ambaye pia alikuwa mtoto wa mpiga piano mashuhuri. Kanuni yenyewe ni kama mahari isiyopunguzwa: unataka kasha dogo, unataka sauti ishuke chini sana, unataka iwe kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili. Neodimiamu haijaifuta kanuni hiyo, na klasi D haijaifuta. Imewezekana tu kulipa deni kwa wati badala ya kulipa kwa mgongo.

Hapa mzee wangu angesema kesi imekwisha: kasha dogo linadanganya. Uzi mnene wa besi, ule wa E, unatetema mara 41 kwa sekunde, na kasha dogo lenye spika ya inchi 10 halifiki huko kwa nguvu yoyote ya maana. Linachotoa vizuri ni 82, na 123, zile sauti za juu zinazoambatana na noti yenyewe. Sikio linazisikia hizo, linapiga hesabu, na kuijaza ile 41 isiyokuwepo. Kweli, ni udanganyifu.

Lakini hebu tukumbuke tumelijulia wapi gitaa zito. Mimi nilimsikia Tommy Malanga wa Les Wanyika mara ya kwanza kwenye redio ndogo ya jikoni yenye spika isiyozidi kiganja. Kundi lile lilianzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki Watanzania waliotoka Simba Wanyika, na "Sina Makosa" yao imejengwa juu ya besi kuliko nyimbo nyingi za dansi ninazozijua: besi inaimba, inanyamaza, inarudi kama mtu aliyekumbuka jambo, magitaa mengine yakiizunguka. Redio ile haikuwa na uwezo hata wa kuikaribia 41. Na bado niliisikia besi, nikaipenda, nikaenda kutafuta mwalimu. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kimelijua gitaa zito kupitia spika nyepesi. Kama huo ni udanganyifu, basi ndio ulionilea.

Na kama nataka ushahidi wa zamani zaidi, napanda boti. Zanzibar, kwenye kidumbak, taarabu ya uwani na harusini, besi ni sanduku: kasha la mbao lililogeuzwa, fimbo, na kamba moja. Mpigaji anaivuta fimbo kukaza kamba na kuilegeza. Halina wati hata moja. Linabebwa begani. Nimesimama karibu nalo kwenye uwanja wa harusi, na naapa mapigo yake yalinipanda kwa nyayo, lakini nilikuwa hatua nne. Hatua ishirini nyuma nilisikia fidla na vidumbak, na sanduku nikalikisia. Wala hakuna aliyelalamika, kwa sababu kidumbak haikuahidi ukumbi. Iliahidi duara.

Ndipo niliposhika kigezo changu. Niache kuuliza amplifaya ina nguvu kiasi gani, niulize duara lake linaishia wapi. Nikarudi dukani na gitaa langu mwenyewe, maana kujaribu kwa gitaa la duka ni kama kupima viatu kwa miguu ya mwingine. Nikapiga Fender Rumble 40, kilo kama 8, spika ya inchi 10. Nikapiga Rumble 100, kilo 10, inchi 12. Nikapiga kichwa kidogo cha klasi D juu ya kabati la neodimiamu, bei ambayo sitaitaja kwa kuwa mama yangu anasoma gazeti hili.

Ya kwanza ilikuwa tamu chumbani. Nilipomwomba kijana wa duka agonge meza kwa viganja kama tumba, nikazama. Ya tatu ilikuwa safi mno, kila noti imenyooka kama shati la mahafali, na nikagundua nacheza kwa tahadhari, nikiogopa kelele za vidole. Sikuipenda, na sidhani ni wivu wa bei tu. Dansi lina vumbi lake. Ya kati haikushuka chini kama kasha la mzee, ila katikati yake, pale ambapo mtu anatambua kwamba huu ni wimbo na si mtikisiko, ilisema wazi. Hata dhidi ya meza. Ina pia tundu la kutoa sauti kwenda kwenye mikisa, kwa siku ambazo ukumbi una spika zake, na kwa kundi dogo hilo linamaliza ubishi mwingi. Kilo kumi zinakaa mapajani juu ya bodaboda, gitaa mgongoni. Nimejaribu.

Kosa langu la kwanza baada ya kununua lilikuwa kuipandisha juu ya kiti, ili niisikie mwenyewe. Nilijisikia vizuri sana usiku ule. Mwimbaji wetu akaniambia palepale mezani, "Leo ulikuwa mbali." Ukiinyanyua kutoka sakafuni unapoteza msaada wa sakafu, na msaada huo ni wa bure.

Jumamosi niliipeleka kwa mzee. Niliamkia, nikaiweka katikati ya sebule, nikachomeka. Aliitazama jinsi mtu anavyomtazama mkwe aliyekuja mikono mitupu. Nikapiga. Akaweka kiganja juu ya kasha, akakiacha hapo muda.

"Inasikika," alisema. "Hainisukumi."

"Naam, mzee."

"Na ile yangu?"

Nikamwambia iko kwangu, siiuzi, itatoka siku za ukumbi mkubwa kama kutakuwa na gari. Hakujibu. Akainuka taratibu, akaisukuma ile ndogo kwa mguu mpaka kwenye kona, mgongo wake ukakaribia kuta mbili, akageuza uso wake utazame chumba.

"Piga tena ile ya chini."

Nikapiga E. Vikombe kwenye kabati la vyombo vikalia. Akarudi kukaa.

"Kwanza punguza," alisema, "mama yako mdogo amelala."