Afyuni ya Laos na Vita Visivyo na Bajeti

Mwaka 1951 vita vya Indochina vilikuwa vimeingia mwaka wa tano, na wananchi wa Ufaransa walikuwa wamevichoka. Ndipo SDECE, idara ya ujasusi ya nchi hiyo, ilipounda kikosi cha siri kilichoitwa GCMA, kikapewa kazi ya kuwaandaa watu wa milimani wapigane na Viet Minh, wapigania uhuru wa Vietnam, ndani ya maeneo yaliyoshikwa na adui huyo. Wapiganaji walihitajika kwa maelfu, lakini fungu lililotengwa halikutosha kitu. Meja Roger Trinquier, naibu na baadaye mkuu wa kikosi hicho, aliliziba pengo hilo kwa zao la milima yenyewe, yaani afyuni. Mpango huo ulijulikana kwa jina la Operesheni X.

Habari za namna hii husimuliwa kama ulafi wa maofisa wachache. Ulafi ulikuwepo, sikatai, lakini hauelezi kwa nini mpango ulidumu hadi 1954. Ulidumu kwa sababu afyuni ilifanya kazi mbili kwa mpigo: ilileta fedha, na ilinunua utii.

Tuanzie shambani. Wahmong wa mkoa wa Xieng Khouang, kaskazini mashariki mwa Laos, walipanda mpopi, mmea utoao afyuni, juu milimani, katika mashamba yaleyale waliyovuna mahindi. Maua yakishapukutika, mkulima hupita jioni akichanja vichwa vya mpopi kwa kisu chenye makali kadhaa. Utomvu mweupe huchuruzika usiku, ukageuka kahawia na kuganda. Asubuhi hurudi kuukwangua, kichwa kimoja baada ya kingine, na familia nzima hushiriki kwa majuma. Zao hili haliozi upesi, tena mzigo mdogo wa begani una thamani kubwa. Mahali pasipo na barabara ya kupitisha gari, mkulima hana kingine cha kumletea fedha. Kwa hiyo anayenunua afyuni ameyashika maisha ya kijiji kizima.

Trinquier alilielewa hilo vizuri. Kikosi chake kilinunua mavuno kwa bei nzuri kupitia Touby Lyfoung, kiongozi wa Wahmong aliyewahi kukaa kwenye bodi ya ununuzi wa afyuni ya serikali ya kikoloni. Wazee wakapata soko la uhakika, na vijana wao wakashika bunduki upande wa Ufaransa.

Kutoka milimani, afyuni ilipakiwa kwenye ndege za kijeshi aina ya DC-3 na kupelekwa kusini hadi Cap Saint Jacques, mji wa pwani unaoitwa Vung Tau siku hizi. Huko ndiko kikosi kilikokuwa na shule ya kufundishia wapiganaji, mbali na macho ya forodha na polisi. Malori yakaubeba mzigo hadi Saigon, takriban kilomita 100, ukakabidhiwa kwa Binh Xuyen.

Hawa Binh Xuyen walianza kama maharamia wa mitoni. Mkuu wao, Bay Vien, aliwahi kuwa upande wa Viet Minh kabla ya kuwageuka na kushirikiana na Wafaransa. Waliichemsha afyuni ghafi kwa maji, wakaichuja, wakaichemsha tena mpaka ikawa uji mzito wa kuvutwa kwenye kiko, kisha wakaisambaza kwenye vijumba vya wavutaji mjini. Iliyobaki iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Kichina walioipeleka Hong Kong, na kwa magenge ya Wakorsika yaliyoisafirisha hadi Marseille. Binh Xuyen walichukua fungu lao, nao wakawasaka Viet Minh ndani ya Saigon kwa niaba ya Wafaransa. Fungu jingine likarudi kwa kikosi kulipia wapiganaji wa milimani. Kwa hiyo kila kilo iliwalipa washirika wawili, wa milimani na wa mjini, bila bunge kuulizwa.

Njia hiyo haikuanzia kwa Trinquier. Paul Doumer, Gavana Mkuu wa Indochina kuanzia 1897, alikuwa ameifanya afyuni kuwa biashara ya dola, yenye kiwanda chake Saigon. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ufaransa ilitangaza kuifuta. Wavutaji na wakulima walibaki palepale, na majasusi wakaichukua nafasi iliyoachwa wazi.

Mwaka 1953 Kanali Edward Lansdale wa CIA aligundua kinachoendelea, akaripoti Washington. Aliambiwa aachane na jambo hilo, lisije likaiaibisha serikali rafiki. Haya yameandikwa na Alfred McCoy, mwanahistoria wa Marekani aliyemhoji Lansdale na Trinquier mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972.

McCoy anaonyesha pia mahali mashine hii ilipokwama. Kaskazini magharibi mwa Vietnam, Wafaransa walimtegemea Deo Van Long, kiongozi wa Watai Weupe. Yeye aliwanyonya Wahmong wa huko kwa bei duni, na kinyongo kikajaa vijijini. Ufaransa ilipoamua kujichimbia katika bonde la Dien Bien Phu, milima iliyolizunguka ilikuwa na watu hao. Wengi waliwasaidia Viet Minh, na ngome ikaanguka tarehe 7 Mei 1954. Naona hapa ndipo penye uzito wa kisa chote: bei ya utomvu iliyowapatia Wafaransa askari Xieng Khouang, ndiyo iliyowakosesha marafiki Dien Bien Phu.

Vita vilipokwisha, mtandao haukuvunjwa. Mwaka huohuo wa 1954 Bay Vien alikabidhiwa polisi wa Saigon na Bao Dai, mkuu wa dola ya Vietnam iliyoungwa mkono na Ufaransa. Ilihitajika vita vya mitaani mwaka 1955, vilivyoteketeza sehemu ya mji, ndipo waziri mkuu Ngo Dinh Diem akamng'oa Bay Vien, naye akakimbilia Ufaransa. Huko milimani, silaha za Wafaransa ziliacha kuja, na wapiganaji waliobaki katika maeneo ya adui wakaachiwa mzigo wao. Miaka michache baadaye CIA walifika Xieng Khouang wakitafuta askari. Waliyempata ni Vang Pao, ofisa wa Kihmong aliyepigana upande wa Wafaransa, na vijiji alivyoandikisha vijana bado vilikuwa vikiishi kwa mpopi.