Maneno ya Bahari Vilimani

Mwaka 1929 Frederick Johnson alifasiri kwa Kiswahili hadithi ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1883, akaiita Kisiwa chenye Hazina. Wewe uisomaye hadithi hiyo huko Kisii au Nyamira, penye migomba na majani ya chai badala ya mawimbi, huenda ukauliza: nanga, mlingoti, omo na shetri vyanihusu nini? Wengi huyaruka maneno ya namna hiyo ili wamwahi Long John Silver. Hao, nasema, wapitwa na hadithi yenyewe.

Tazama pale kijana Jim anapoiendea merikebu usiku, yu peke yake katika kichombo chepesi, ili aikate kamba ya nanga. Kamba hiyo mabaharia wa pwani huiita amari. Asiyeijua amari huona kisu na kamba tu. Lakini ajuaye kwamba hiyo ndiyo ishikayo uzito wa chombo kizima, nayo hukazana mkondo uvutapo, atafahamu kwa nini Jim akata nyuzi moja moja hadi zibaki mbili, kisha angoja upepo uilegeze ndipo amalize. Angaliikata ingali imekaza, ingalifyatuka na kumrusha majini. Hofu yote ya sura ile imo katika neno moja.

Wala usijidhani mgeni kabisa. Usemapo kwamba mambo yamekwenda mrama, umetaja kuyumba kwa chombo baharini. Na dereva wa matatu ashikapo usukani, ashika neno lililokuwa la vyombo vya maji kabla ya magari kuwako.

Hata hivyo, jihadhari. Maneno mengi ya bahari katika Kiswahili yalikuzwa na majahazi, ambayo tanga lake hufungwa katika foromali, mti mrefu ulalao mshazari. Hispaniola ni merikebu ya Kiingereza, yenye matanga ya namna nyingine. Ukiwaza jahazi la Lamu kila usomapo tanga, umelijua neno, lakini chombo si hicho.

Basi kabla ya kufungua kamusi, chora merikebu daftarini, uliandike kila neno mahali pake. Kisha jiulize: kitu hiki hushikwa na nani, na kikikatika kutatokea nini? Ukiweza kujibu, rudi usome sura ile mara ya pili.