"Saga vidonge vyote": ushauri mfupi mno kwa tumbo lililobadilishwa

Umewahi kuusikia ushauri huu? Mtu akishafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, asimeze tena kidonge kizima. Asage kila dawa, achanganye na maji, anywe. Umo kwenye vipeperushi, unazunguka kwenye video, na ndugu wanaupokezana kwa nia njema kabisa. Shida yake ni kwamba una ukweli kidogo ndani yake. Ukiukosoa, anayeutetea atakuonyesha hiyo sehemu iliyo sahihi, na mjadala unaishia hapo.

Basi tuanze na hiyo sehemu, ili tutende haki. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji, tumbo huwa limevimba na njia ni nyembamba. Kidonge kikubwa kinaweza kukwama, kikaleta maumivu au kutapika. Kwa kipindi hicho dawa za maji, za kutafuna, au zile zinazoruhusu kusagwa ni msaada mkubwa. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye neno "vyote".

Upasuaji si mmoja

Kuna upasuaji unaokata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, kama robo tatu au zaidi, likabaki bomba lenye umbo la ndizi. Utumbo haujaguswa. Lakini kuna ule wa njia ya mkato: daktari anatengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, halafu anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba huko chini. Chakula na dawa vinaruka sehemu kubwa ya tumbo, duodenamu, na mwanzo wa jejunamu.

Sasa fikiria. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi pale pale kwenye duodenamu. Kalisiamu kabonati inahitaji asidi ya tumbo, na kifuko kile kina asidi kidogo, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa kalisiamu sitrati. Saga kabonati hadi iwe unga laini kama poda, asidi haitaongezeka. Kinu hakirudishi utumbo ulioruka.

Dawa nazo si moja

Chukua nifedipini ya kutoa taratibu, dawa ya presha. Kidonge chake kimetengenezwa ili dawa itoke kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikisaga, unavunja huo mtambo, na dawa yote inaingia kwa mkupuo. Presha inaweza kushuka ghafla, mtu akaanguka bafuni. Na ukikimeza kizima baada ya njia ya mkato? Kinaweza kupita kabla hakijamaliza kazi. Kwa hiyo jibu siyo kusaga wala kumeza hivyo hivyo. Jibu mara nyingi ni kubadilishiwa aina: dawa ya kutoa haraka, inayonywewa mara kadhaa kwa siku.

Mfano wa omeprazoli na ndugu zake unafundisha zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha kazi iliyoangalia kumbukumbu za wagonjwa waliopata vidonda baada ya njia ya mkato. Waliofungua kapsuli walipona kwa kipindi cha kati cha siku 91. Waliomeza kapsuli nzima, siku 342. Ni utafiti wa kutazama nyuma, hivyo haumalizi mjadala, lakini tofauti ni kubwa. Mtetezi wa kusaga atafurahi hapa. Ngoja kwanza: walifungua kapsuli, hawakusaga. Zile chembe ndogo za ndani zina ganda linalozilinda dhidi ya asidi. Ukizisaga unaliharibu ganda hilo.

Halafu kuna ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kwetu hununuliwa duka la dawa kama pipi. Baada ya njia ya mkato zinaongeza hatari ya kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Kuzisaga hakuondoi hatari hiyo, kwa sababu hazidhuru kwa kugusa tu. Zikishaingia kwenye damu zinapunguza kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo.

Mwili hautulii

Ushauri wetu pia unadhani dozi ya jana ndiyo ya kesho. Hapana. Sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache tu, kabla hata uzito haujapungua sana. Anayeendelea na insulini au glibenklamidi kwa dozi ya zamani anaweza kuzimia. Na usidhani kila dawa hufyonzwa kidogo: utafiti wa Kanada wa mwaka 2011 ulikuta kwamba kwa waliofanyiwa njia ya mkato, sehemu ya metformini iliyoingia mwilini ilikuwa kubwa kwa asilimia 50 kuliko kwa wenzao ambao hawakufanyiwa. Lithiamu inaweza kupanda hadi kiwango cha sumu. Hapa hatusemi tena habari za ukubwa wa kidonge. Tunasema habari za vipimo vya damu.

Kimya kinachoumiza

Kosa baya zaidi la ushauri huu ni lile ambalo hausemi kabisa. Mwanamke akipungua uzito, uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka. Anashauriwa asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba. Lakini vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vya kutosha baada ya njia ya mkato, na kidonge kilichoshindwa hakitoi ishara yoyote. Dada anameza kila siku kwa uaminifu, anasaga kama alivyoambiwa, halafu anashangaa. Kijiti, kitanzi au sindano havipiti tumboni, na hilo alipaswa kuambiwa kabla ya upasuaji.

Kipeperushi kizuri kingempa mgonjwa maswali manne ya kumuuliza daktari au mfamasia, kwa kila dawa, moja moja: Nimefanyiwa upasuaji wa aina gani, na dawa hii inafyonzwa wapi? Je, ni ya kutoa taratibu au ina ganda maalumu? Dozi ibadilishwe lini, na kwa kipimo gani? Kama haifanyi kazi, nitajuaje?

Kama wewe au ndugu yako yuko kwenye hali hii, usibadilishe wala kuacha dawa kwa sababu ya makala yetu. Weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kununua mwenyewe na za miti shamba, nenda nazo, na uulize hayo maswali. Ukijibiwa "saga tu zote", uliza tena.