Mwandiko wa Mchoraji

Nilipokuwa mwalimu kijana katika chuo cha ualimu, kipimo changu cha picha kilikuwa kimoja tu: je, ina kivuli? Mwaka 1983 mwanachuo mmoja aliniletea chui. Mwili wake ulichorwa kwa upande, lakini macho yote mawili yalinitazama mimi. Mkia ulipinda juu ya mgongo, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila rangi ya manjano. Nikampa alama 30 kwa 100, na chini yake nikaandika kwa wino mwekundu: "Hii ni bidhaa ya watalii, si sanaa." Akaikunja karatasi mara nne, akasema, "Ahsante, mwalimu." Hakuchora tena darasani kwangu, ila yale niliyoamuru.

Chui yule alikuwa wa ukoo wa Tingatinga, jambo nililolijua, na ndiyo maana nilimdharau. Leo ningemsahihisha vingine.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, na alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi yake yote, basi, ni ya miaka minne hivi. Alitumia vibao vyembamba vya mraba na rangi ya kung'aa, ile ipakwayo baiskeli na milango. Rangi hiyo haipendi kuchanganywa polepole ili kutoa kivuli; hukauka ikiwa imara na wazi, kama ilivyowekwa. Mimi nilidai kivuli kwa mtu ambaye vifaa vyake vilimwelekeza kwenye mstari, na mstari akaujua vizuri kuliko walimu wengi. Mtazame mnyama wake mmoja, amesimama peke yake mahali patupu. Utupu ule ndio unaompa mnyama uzito.

Wanafunzi wake walichukua madoa, mng'ao na mkunjo wa mkia. Utupu wengi waliuacha. Mwaka baada ya mwaka picha zilijaa: twiga, ndege, mibuyu, Mlima Kilimanjaro, kijiji kizima na zahanati yake. Baadhi ni nzuri sana, hasa zile za vijiji zenye mzaha. Lakini nionavyo mimi, zilijaa kwa sababu mnunuzi hupenda kuona wingi wa vitu kwa fedha yake. Jina la mtu likawa jina la bidhaa, kama vile lilivyokwisha kuwa jina la mashine ya kusawazisha barabara.

Kwa muda mrefu niliamini pia kwamba mpiga picha hana mwandiko, kwani iandikayo ni kamera. Aliyenivunjia imani hiyo ni Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyeishi toka 1921 hadi 2001. Alifungua studio yake mwaka 1948, akiwapiga watu picha uani kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Baadaye alibadili mapazia kila baada ya miaka michache, na uzeeni aliweza kukisia mwaka wa picha kwa kutazama kitambaa tu! Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja.

Sasa tazama alivyofanya. Mama aliyevaa gauni la maua anaketishwa mbele ya pazia la maua. Mwalimu wa kuchora, mimi wa kwanza, angesema amekosea, kwa maana mtu anapotea ndani ya nguo. Lakini subiri kidogo. Uso unatokea, kisha mikono, kisha saa au redio aliyoombwa ailaze karibu naye, na unamwona mama yule kama anayejitokeza mbele yako kwa hiari yake. Huo ni mwandiko, na kamera haikuuandika.

Nyumbani kwa wateja wake picha hizo zilikuwa za sentimita 13 kwa 18, za kushikwa mkononi. Toka miaka ya 1990 zimekuzwa hadi kupita mita moja kwa ajili ya kuta za Paris na New York, weusi ukikolezwa mno. Zinavutia, sikatai. Ila heshima ile ya jamaa mbele ya jamaa imegeuka kuwa tamasha, na humo naona ugonjwa uleule wa vibao vilivyojazwa: anayependa mtindo wa mtu humtaka auongeze, hata ukamwagika.

Nilipopita Oysterbay, kijana muuzaji alinionyesha chui mmoja kwenye rangi ya manjano, bado mbichi.

"Shikamoo mzee. Huyu nakuongezea mlima na Wamasai wawili, bei ileile."

"Marahaba. Muache hivyohivyo."

"Mzee, patakuwa patupu."

Nikamwambia ndivyo nitakavyo. Akanifungia kwa gazeti, akinitazama kwa huruma, kama mtu aliyemuuzia kikongwe nusu ya kitu.