Umefikia kwa Nani? Juma Moja London na Nafsi ya Msafiri wa Kiswahili

Mwaka 1932 shirika la Sheldon Press la London lilichapisha kitabu kidogo cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina hilo linastahili kuzingatiwa kabla kurasa hazijafunguliwa, kwa kuwa Kayamba hakusema "nilivyoona". Mwaka uliotangulia alikuwa amesafiri kwa meli pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, wakatoe ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kiambishi "tu-" hapo ni cha idadi, na ni cha wadhifa pia. Anayesimulia ni karani wa serikali kutoka Tanga, naye aliyoyaona London aliyaona kwa niaba ya watu waliobaki.

Masimulizi ya Mswahili katika mji mkuu wa Ulaya yamebeba sharti hilo tangu awali. Salim bin Abakari alipofika Petersburg mwaka 1896, mji huo ukiwa bado makao makuu ya dola la Urusi, alikuwa akimtumikia Mjerumani Theodor Bumiller. Maelezo yake, Safari Yangu ya Bara Urusi na ya Siberia, yalitoka mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliohaririwa na Carl Velten. Jina linadai umiliki, ilhali njia na vituo vilipangwa na mwingine. Uhai wa matini hayo unatokana na mvutano huo: miguu inamfuata bwana, jicho halimfuati. Watu ambao hawajapata kumwona mtu mweusi wanamkodolea macho, naye Salim anawatazama vilevile, akiwapima kwa mizani aliyotoka nayo pwani.

Hata aliyekwenda bila msafara hakuwa huru. Sayyida Salme binti Said, aliyekuwa akiitwa Emily Ruete na mjane tangu 1870, alikwenda London mwaka 1875 kwa matumaini ya kuonana na kaka yake, Sultani Barghash, aliyekuwa mgeni wa serikali ya Uingereza. Sir Bartle Frere alimshawishi aache jambo hilo. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, London haimo kama mji wa kutembelewa; ni mji ambamo ndugu yupo na hafikiki.

Mifano hii mitatu inahitajika ili kupima simulizi za aina nyingine, zinazosimuliwa leo na Waafrika Mashariki wa Dallas, Fort Worth na Houston. Hawa ni wauguzi, wahasibu, madereva wa malori, wanafunzi waliokwisha kuwa wazazi. Mmoja wao huchukua likizo, hupanda ndege usiku, na baada ya saa tisa hivi yuko London, peke yake, kwa juma moja. Hakuna kamati inayomngoja wala bwana wa kufuatwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya fani hii, msafiri hakutumwa na mtu.

Lakini lugha bado inamdai. Swali la kwanza analoulizwa kwa simu kutoka Tanga, Mombasa au Bukavu ni hili: "Umefikia kwa nani?" Kitenzi "kufikia" kwa Kiswahili hakitosheki na mahali, kinataka mwenyeji. Jibu la "hotelini" husikika kama ungamo. Anayelitoa huharakisha kuongeza sababu: alichoka, alitaka kupumzika, tikiti ilikuwa nafuu. Hapo ndipo kiini cha fani hii mpya kilipo, na ndipo wasimulizi wengi wanapokikwepa. Badala ya kukaa na swali, hujificha nyuma ya orodha: saa ya Big Ben, daraja la Tower Bridge, kasri la Buckingham, kila kimoja na picha yake. Orodha hiyo ni ripoti. Ni "tulivyoona" ya Kayamba iliyobaki bila ujumbe wake, kwa kuwa yeye alikuwa na watu ambao hawangeyajua mambo hayo pasipo maelezo yake, na leo picha za Big Ben zimo katika kila simu.

Simulizi zilizo bora huchukua njia nyingine, na mara nyingi huanzia miguuni. Mkazi wa Dallas au Houston huishi ndani ya gari. Arlington, mji mkubwa ulio kati ya Dallas na Fort Worth, umejulikana kwa miaka mingi kwa kukosa mfumo wa kawaida wa mabasi ya umma; na Houston, kutoka nyumbani hadi dukani ni barabara kuu, joto na maegesho. Mtu huyo anapofika London na kuanza kutembea, kusimama kituoni, kubanana ndani ya basi, kununua mkate kwenye duka la pembeni ambalo mwenye nalo anamkumbuka siku ya pili, yanayomjia si maajabu ya Ulaya. Yanayomjia ni Kariakoo, ni vichochoro vya Mji Mkongwe. Mlinganisho wa zamani ulikuwa na pande mbili, kwetu na kwao. Huu una pande tatu, na upande ulio mgeni kuliko yote ni Texas, ambako msimulizi analipa kodi na kulea watoto. Methali isemayo "mtembezi hula miguu yake" ilikusudiwa kumwonya mzururaji. Katika simulizi hizi inageuka: miguu ndiyo inayomlisha mtembezi kumbukumbu.

Hata hivyo hatari ya ulaini ipo. London haikujengwa ili kumrudishia mtu wa Houston utoto wake, na msimulizi anayeishia kwenye harufu ya mkate ameacha nusu ya habari nje ya ukurasa. Nusu hiyo ni makaratasi. Mwenye pasipoti ya Marekani huingia nchi za Schengen bila viza kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Jirani yake mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, hata kama ana kibali cha ukaaji wa kudumu Marekani, lazima aombe viza ya Paris, na nyingine ya London. Mkenya anaweza, tangu Katiba ya 2010, kuwa na pasipoti zote mbili. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa Marekani hupoteza ule wa Tanzania. Na mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo aliyepokelewa Houston au Fort Worth, ambaye bado hajawa raia, husafiri kwa hati inayotangaza hali yake kila inapofunguliwa. Kwa hiyo juma moja la starehe lina historia ndefu kuliko siku saba. Wepesi wa kupita mbele ya ofisa wa uhamiaji umelipiwa, na bei yake ndiyo sura ya kwanza ya safari. Simulizi nyingi huanza ndege inapotua, sura hiyo ikiwa imekwisha kupita.

Hata "juma" lenyewe si kipimo kilichochaguliwa kwa hiari tu. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimu mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, ilhali katika Umoja wa Ulaya kiwango cha chini ni majuma manne kwa mwaka. Msafiri wa Texas anaitazama London kwa macho ya mtu anayehesabu zamu alizoziacha. Haraka hiyo ingeweza kuwa mwendo wa masimulizi, kama vile mwendo wa meli na treni ulivyoyapa maandishi ya zamani pumzi ndefu. Kwa sasa hujitokeza kama pengo tu: siku ya nne na ya tano hazielezwi.

Ingefaa ziandikwe. Simulizi hizi zinaishi katika jumbe za sauti za WhatsApp na katika mazungumzo ya sebuleni baada ya harusi au arobaini, nazo zinafutika simu inapobadilishwa. Maneno ya Salim na Kayamba yamedumu kwa sababu kulikuwa na wakubwa waliotaka yaandikwe au wachapishaji waliyoyahitaji. Msafiri asiyetumwa hana mhariri anayemngoja, na uhuru wake unaweza kumwacha bila maandishi. Itakuwa ajabu iwapo msomaji wa karne ijayo atajua Mswahili aliona nini Petersburg akimtumikia Mjerumani, asijue aliona nini London siku aliyojilipia nauli.

Atakayeandika hahitaji kulikimbia swali la simu. Aliweke mwanzoni, alijibu polepole, kwa nafsi ya kwanza umoja: amefikia hotelini, chumba kidogo, dirisha linaloelekea ukuta, hakuna aliyempokea, jioni ya pili alikula peke yake na hakupiga picha. Salim, Kayamba na Salme hawakupewa nafasi ya kuandika sentensi kama hizo.