Mpangilio Uliofutwa na Ule Uliobadilika Kimyakimya

Wilayani Kasese, Uganda, takwimu za afya hazitakiwi kukwama. Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo Juni 2019, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alitibiwa Bwera. Kule Bulembia, Mto Nyamwamba umeshaivamia Hospitali ya Kilembe Mines mara mbili, 2013 na 2020. Takwimu za vituo vya afya huingia DHIS2, mfumo ulioenezwa Uganda nzima mwaka 2012, na chini ya DHIS2 kuna hifadhidata ya PostgreSQL. Anayeisasisha hifadhidata hiyo hukutana na mabadiliko ya aina mbili.

Ya kwanza hupiga kelele. Toleo la 12 la PostgreSQL lilistaafisha faili ya recovery.conf: ukiisahau mahali pake, seva inakataa kuwaka. Toleo la 13 liliondoa wal_keep_segments, likaleta wal_keep_size. Ukibaki na jina la zamani, seva itagoma na kukutajia kosa. Hapo mtego ni kubadili jina na kuacha namba: 32 ya zamani ilikuwa vipande vya MB 16, yaani MB 512; 32 mpya ni MB 32 tu.

Ya pili haisemi kitu. Mwaka 2021, toleo la 14 lilibadili chaguo-msingi la password_encryption kutoka md5 kwenda scram-sha-256. Seva inawaka, nywila za zamani zinakubaliwa, kila mtu anakwenda nyumbani. Miezi kadhaa baadaye nywila ya programu moja kuukuu ya ripoti inabadilishwa, na kiunganishi chake kisichoijua SCRAM kinafungiwa nje. Nani atakumbuka kwamba chanzo ni usasishaji ule?

Dawa iko kwenye mwonekano (view) wa pg_settings. Safu ya source huonyesha thamani ipi imewekwa na mtu na ipi imetoka kiwandani. Hifadhi orodha yake kabla ya kusasisha, sasisha kwanza kwenye mashine ya majaribio, kisha linganisha. Penye neno "default" pande zote mbili lakini thamani tofauti, simama hapo.

Kuirudisha md5 kwa mkono kunakununulia muda tu, kwani toleo la 18 la 2025 limeshatangaza kwamba nywila za md5 zitaondolewa. Badilisha kiunganishi kwanza, hifadhidata ifuate.